Sampuli ya Nini, Kutoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Usampulishaji

Kila mwaka, wanafunzi wanapofika sura ya tatu ya tasnifu zao, ile ya mbinu za utafiti, simu yangu haipumziki. Mmoja yuko kilimo, mwingine uuguzi, mwingine isimu, wa nne anasomea uhandisi wa mawasiliano, na wote wanauliza kuhusu "sampuli" kana kwamba wanauliza kitu kimoja. Nimekusanya hapa maswali yanayorudi zaidi, pamoja na majibu ninayoyatoa nikipata nafasi ya kukaa kitako.

Usampulishaji ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Nenda soko la nafaka. Utamwona mnunuzi ameshika chuma chembamba kilichochongoka, chenye mfereji katikati. Anakidunga kwenye gunia, anakichomoa, punje kadhaa zinamwangukia kiganjani. Chuma hicho kinaitwa bambo. Mnunuzi hamwagi gunia zima. Anatazama kiganja, anauma punje moja apime ukavu wake, kisha anataja bei. Huo ndio usampulishaji: kuangalia kidogo ili uweze kusema juu ya kingi ambacho hukukiona.

Sasa mtazame muuzaji. Akiwa mjanja, anajua bambo huingilia wapi, na mahali hapo ameweka mahindi mazuri. Mnunuzi mzoefu naye analijua hilo, kwa hiyo anadunga juu, kati na chini, halafu anavuka magunia aliyoonyeshwa na kwenda kudunga yale ya nyuma. Sehemu kubwa ya nadharia ya usampulishaji imo katika mvutano wa watu hawa wawili. Nani anachagua mahali pa kudunga, na anachagua kwa kufuata nini?

Mbona maabara wanasema "sampuli mbili" kwa mgonjwa mmoja, na kwenye dodoso watu 400 wanaitwa "sampuli" moja?

Hapa ndipo wengi wanapotea, hata baadhi ya wasimamizi. Kwa mtu wa maabara, sampuli ni kitu kinachoshikika: kichupa cha damu, mkojo, makohozi. Mgonjwa anayepimwa kifua kikuu kwa hadubini anaweza kuombwa makohozi mara mbili, mojawapo ya asubuhi, kwa sababu vijidudu havitoki kila anapokohoa. Hizo ni sampuli mbili za mtu mmoja. Pale Morogoro, panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO wananusa vichupa vya aina hiyo, na panya mmoja humaliza sampuli mia kwa dakika 20 hivi.

Kwa mtakwimu, sampuli ni kundi zima lililoteuliwa. Watu 400 ni sampuli moja yenye ukubwa wa 400. Ukiandika "nilichukua sampuli 400 za wakulima", mtu wa maabara ataelewa kwamba uliwatoa damu.

Katika utafiti wa afya maana zote mbili hukaa kwenye sentensi moja: unateua sampuli ya watoto, kisha kila mtoto unamchukua sampuli ya damu. Makosa nayo yanaingia kwa milango miwili. Watoto wanaweza kuwa wameteuliwa vizuri kabisa, lakini damu ikaharibika juani ikisubiri pikipiki. Au damu ikafika salama, ila ni ya watoto waliokuja kliniki tu, wale wagonjwa zaidi wakiwa wamelala nyumbani.

Sampuli ikiwa kubwa sana, si inajisahihisha yenyewe?

Haijisahihishi. Kisa cha mwaka 1936 kule Marekani nakirudia kila mwaka na bado sijakichoka. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zilirudi takriban milioni 2.4, idadi ambayo watafiti wengi wa leo hawaioti hata usingizini. Jarida likatangaza kwamba Alf Landon atashinda kwa asilimia 57 hivi dhidi ya Franklin Roosevelt. Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alikuwa na takriban asilimia 61, na Landon aliambulia majimbo mawili tu, Maine na Vermont. Mtafiti wa maoni George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo mno ukilinganisha na ile, alikuwa amemtaja mshindi sahihi. Jarida lilifungwa mwaka 1938.

Kilichowaponza ni orodha. Majina yalitoka kwenye vitabu vya simu, usajili wa magari na wasomaji wa jarida lenyewe, na wakati ule wa mdororo wa uchumi, mwenye simu na gari hakuwa mtu wa hali ya chini. Juu ya hayo, waliojisumbua kurudisha karatasi walikuwa na sababu zao za kujisumbua. Ukidunga bambo mahali palepale palipopangwa na muuzaji mara milioni mbili, utakachopata ni uhakika mkubwa juu ya jambo lisilo la kweli.

Watu wa shirika la Twaweza walikutana na tatizo hilohilo la simu walipoanzisha Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni nchini Tanzania. Walitaka kuwahoji watu kwa simu, lakini maskini wa kijijini hana simu, au anayo ila haina chaji. Waliteua kaya kwanza, wakaenda hadi mlangoni, kisha wakagawa simu pamoja na chaja za jua kwa walioteuliwa. Ni gharama, lakini ndiyo namna ya kumfuata mtu aliye nje ya orodha.

Namba 384 imetoka wapi? Kila tasnifu ninayosoma ina 384.

Imetoka kwenye hesabu hii: 1.96 mara 1.96, mara 0.5, mara 0.5, kisha gawanya kwa 0.05 mara 0.05. Jibu ni 384.16. (Kwa haki ingekuwa 385, maana ukipungukiwa sehemu ya mtu unamwongeza mzima, lakini 384 imeshazoeleka.) Hiyo 1.96 inatokana na kutaka uhakika wa asilimia 95. Zile 0.5 ni dhana kwamba watu wamegawanyika nusu kwa nusu, hali inayodai sampuli kubwa kuliko zote. Na 0.05 ni ruhusa uliyojipa ya kukosea kwa pointi 5 za asilimia juu au chini.

Binamu yake ni fomula iliyoenezwa na mtakwimu Taro Yamane: chukua idadi yote, igawanye kwa moja jumlisha idadi hiyohiyo mara 0.0025. Kijiji cha watu wazima 1,000 kinakupa 286. Wilaya yenye watu 100,000 inakupa 399. Ukiweka nchi nzima, hutavuka 400. Wanafunzi hushangaa hapo, wakidhani nchi kubwa inadai sampuli kubwa kwa uwiano uleule. Haidai. Ndiyo maana Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa nchi na kupata makadirio yenye kupotoka kwa takriban pointi 3 au 2.

Hasira yangu juu ya 384 inatokana na masharti yake, ambayo hakuna anayeyasoma. Namba hiyo inadhani umeteua kwa nasibu, mtu mmoja mmoja, kutoka orodha kamili. Inadhani unakadiria asilimia moja tu. Ukiwateua watu kwa vijiji, majirani hufanana: wanachota kisima kimoja, watoto wao wanasoma shule moja. Mtu wa kumi wa kijiji kilekile hakuambii mengi mapya, hivyo unaweza kuhitaji sampuli maradufu kupata uhakika uleule. Ukitaka kulinganisha wanawake na wanaume, kila upande unataka idadi yake. Na kama unatafuta ugonjwa unaompata mtu mmoja kati ya mia, ruhusa ya kukosea kwa pointi 5 haina maana yoyote. Ni kama kupima dhahabu kwa mizani ya mkaa.

"Nasibu" si maana yake ni ovyo tu, yeyote unayekutana naye?

La. Ovyo ni ovyo, nasibu ni kazi. Ukisimama stendi na kumhoji kila anayepita mbele yako, macho yako yanachagua kwa niaba yako: asiye na mzigo, asiyekunja uso, anayefanana na wewe kidogo. Nasibu inataka kila mmoja awe na nafasi inayojulikana ya kuteuliwa, na uteuzi ufanywe na kitu kisicho na macho, kama namba za kompyuta, vikaratasi kwenye kofia au jedwali la namba.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa na njia maarufu ya kupima chanjo: vijiji au mitaa 30, watoto 7 kila mahali, jumla 210. Mdadisi alikwenda katikati ya kijiji, akazungusha chupa au kalamu chini, akafuata upande ilioelekea, akateua nyumba ya kuanzia, kisha akaenda mlango wa jirani, na wa jirani, hadi watoto saba watimie. Ilikuwa rahisi na haraka, ikasaidia nchi nyingi. Lakini fikiria kijiji chetu cha kawaida. Katikati pana duka, zahanati, barabara. Wa pembezoni kabisa, aliyejenga shambani kwake, kalamu haimfikii kwa urahisi. Na mtoto wake ndiye yule ambaye pengine hakuchanjwa.

Hizi tafiti za taifa, mbona hawajawahi kufika kwangu?

Kwa sababu hesabu hazikukuangukia. Katika Utafiti wa Afya na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022, yaliteuliwa kwanza maeneo 629 kati ya maeneo ya kuhesabia watu. Kila eneo likaorodheshwa kaya zake, kisha zikateuliwa kaya 26 katika kila moja. Hizo ni kaya 16,354 kwa nchi ambayo sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 61,741,120. Nafasi ya kaya yako ilikuwa chini ya moja kati ya mia tano. Kenya, mwaka huohuo, walitumia maeneo 1,692 na kaya 25 kila eneo, jumla 42,300, kwa kuwa walitaka majibu ya kila kaunti kati ya 47. Idadi ya majibu unayoyataka ndiyo iliyopandisha sampuli hapo.

Jambo moja wananchi hawalipendi: mdadisi akikuta mlango umefungwa, harukii jirani aliye barazani. Anarudi tena, na tena. Mwenyekiti wa kitongoji humwambia, "Mwanangu, si umhoji huyu hapa, wote ni wamoja tu!" Sio wamoja. Aliye nyumbani saa nne asubuhi ni mzee, mgonjwa, mama mwenye mtoto mchanga au asiye na kazi. Ukiwabadilishia waliotoka na hawa, utaandika nchi isiyofanya kazi.

Nafanya mahojiano ya kina. Niwahoji wangapi?

Hapa fomula ziweke kabatini. Anayehoji wakunga wa jadi kuhusu lugha wanayotumia na wazazi hatafuti asilimia. Anatafuta aina za mambo yaliyopo na namna yanavyoungana, kwa hiyo huteua kwa makusudi: mkunga wa siku nyingi, aliyeacha kazi, aliyepelekwa semina, aliyegombana na zahanati. Anaacha pale mahojiano yanapoanza kujirudia bila kuleta jipya.

Mwaka 2006 Greg Guest na wenzake walichapisha uchambuzi wa mahojiano 60 na wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba sehemu kubwa ya mada ilikuwa imeshajitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Tangu hapo "kumi na mbili" imekuwa 384 ya upande huu. Wale wanawake walikuwa watu wanaofanana kwa kiasi fulani, wakiulizwa maswali yanayofanana. Wahojiwa wako wakitofautiana, 12 hawatoshi.

Na ule unaoitwa "usampulishaji wa mpira wa theluji" ni pale mhojiwa mmoja anapokuelekeza kwa mwingine, kama unavyofika kwa fundi mzuri wa cherehani. Theluji yenyewe wengi wetu tumeiona kileleni Kilimanjaro, tena kwa mbali. Mimi naandika "uteuzi wa kuelekezana" na hakuna aliyenirudisha. Angalia tu kwamba watu huelekeza kwa marafiki zao. Mwenye marafiki wengi ataonekana kila upande, mpweke hataonekana kabisa.

Udongo wa shamba unachukuliwaje? Nimeambiwa nilete nusu kilo.

Tembea shambani kwa mkato wa zigizagi, chota mahali 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo moja safi, kisha punguza: tandaza duara, gawa robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya tena, mpaka ibaki nusu kilo. Ruka kichuguu, palipolala ng'ombe, palipochomwa takataka, chini ya mti na ukingo wa barabara. Ndoo iliyobeba mbolea usiiguse. Kama udongo wa bondeni ni mweusi na wa mlimani ni mwekundu, hizo ni sampuli mbili tofauti.

Ona tofauti na dodoso. Mkulima anachanganya vichoto 20 kuwa kimoja makusudi, maana anataka wastani wa shamba anunue mbolea. Huwezi kuwakoroga watu 20 kwenye ndoo.

Kwa nini mahindi yaleyale yanapimwa sumukuvu mara mbili na majibu yanapishana?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake linamkera kila mtu. Sumukuvu ninayoisema hapa, aflatoksini, haikai kwenye gunia kama chumvi kwenye uji. Punje nyingi ni safi kabisa, chache zina kuvu, na chache miongoni mwa hizo zimebeba sumu nyingi mno. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa jumla ya aflatoksini ni sehemu 10 kwa bilioni. Kwa kiwango kidogo hivyo, punje moja mbaya ikiangukia kiganjani, gunia zima linaonekana sumu. Isipoangukia, gunia lilelile linaonekana safi. Mashine ya maabara inaweza kuwa ya bei mbaya na fundi wake hodari, lakini kosa kubwa limeshatendeka ghalani, wakati wa kudunga bambo.

Dawa yake ni kuchota mara nyingi, kutoka magunia mengi na vina tofauti, kukusanya kilo kadhaa, kusaga zote ziwe unga laini na kuchanganya vizuri ndipo utoe kijiko cha kupimwa. Ukitoa kijiko cha punje nzima kabla ya kusaga, umerudi kwenye bahati nasibu.

Hili lina makaburi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 kwa sumukuvu na 125 wakafa. Ndiyo maana mtu akiniambia "nilipima gunia moja, liko salama", namuuliza alidunga wapi.

Wachimbaji nao wana sampuli?

Wanazo, na za kwao ndizo zinazouzwa soko la hisa. Mashine ya kuchoronga inatoa mche mrefu wa mwamba, unapasuliwa kwa urefu, nusu inasagwa na kupimwa, nusu inawekwa sandukuni ili mwingine aje kuhakiki. Kampuni ya Kanada iliyoitwa Bre-X, huko Busang, Indonesia, ilikuwa inasaga mche wote bila kubakiza nusu. Watu waliaminishwa kwamba pale pana mojawapo ya hazina kubwa kabisa za dhahabu duniani. Mwaka 1997 wahakiki walipochoronga wenyewe hawakukuta kitu cha maana. Sampuli zilikuwa zimenyunyiziwa dhahabu. Punje zake, zikitazamwa kwa hadubini, zilikuwa na mviringo wa dhahabu iliyosombwa na mto, wakati iliyo ndani ya mwamba haiwi na umbo hilo. Muuzaji wa lile gunia, safari hii na suti.

Tembo wanahesabiwaje? Hakuna awezaye kuwapanga foleni.

Ndege ndogo inaruka mistari iliyopangwa, chini chini. Kwenye nguzo ya bawa kuna fito mbili, na anayehesabu anaandika wanyama wanaoonekana kati ya fito hizo tu. Fito hizo zinachora ardhini ukanda wa upana unaojulikana. Ukijua kanda zote zimefunika sehemu gani ya hifadhi, unakadiria waliobaki. Kundi kubwa linapigwa picha likahesabiwe mezani, maana jicho huzidiwa.

Kwa njia za namna hiyo, Sensa Kuu ya Tembo iliyotangazwa mwaka 2016 ilipata tembo wa savana 352,271 katika nchi 18. Kwa Tanzania makadirio yalikuwa yameporomoka kutoka 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Hakuna aliyewaona tembo wote hao mmoja mmoja, lakini anguko la ukubwa huo haliwezi kusingiziwa fito za ndege.

Samaki wa bwawani wana njia yao. Vua 50, watie alama, warudishe. Baada ya siku chache vua 60. Ukikuta 10 wana alama, bwawa lina takriban 50 mara 60, gawanya kwa 10: samaki 300. Tahadhari: samaki aliyevuliwa mara moja anaweza kuwa ameshajifunza kuukwepa wavu.

Historia na akiolojia hawana dodoso. Usampulishaji unawahusu nini?

Unawahusu mpaka kwenye maoni yetu juu yetu wenyewe. Kwa miaka mingi, wachimbuaji wa pwani ya Waswahili walivutwa na mawe: misikiti, makaburi yenye nguzo, kasri. Ni haki yao, mawe yanaonekana. Lakini ukichimba penye mawe tu, utahitimisha kwamba Mswahili wa kale alikuwa mtu wa nyumba ya mawe. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walipofanya kazi kaskazini mwa Pemba, walipita eneo kwa utaratibu na kufukua mashimo madogo ya majaribio hata mahali ambapo juu hapakuonyesha kitu. Wakaona makazi ya udongo na makuti. Tumbe, kwa mfano, palikuwa na mji mkubwa wa nyumba za namna hiyo kabla ya enzi ya majengo ya mawe. Watu wengi wa pwani waliishi hivyo, na bambo lilikuwa halijawahi kudungwa kwao.

Mhandisi anasema "sampuli 44,100 kwa sekunde". Hiyo ni lugha gani?

Ni lugha yetu ileile, isipokuwa gunia lake ni muda. Sauti inabadilika bila kukatika, kompyuta inaipima mara kwa mara na kuandika namba. Kanuni inayoambatanishwa na majina ya Nyquist na Shannon inasema upime zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa kasi kuliko yote unaotaka kuuhifadhi. Sikio la binadamu linafika mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, ndiyo sababu CD ilipewa 44,100. Simu ya kawaida ilipewa 8,000 tu, ikakata mitetemo ya juu. Matokeo yake unayajua: ukitaja jina kwa simu, mwenzako anauliza, "Ni S ya Salma au F ya Fatma?" Sauti hizo zinatofautiana zaidi huko juu palipokatwa.

Usidhani ni habari za mafundi redio peke yao. Mwanafunzi wa sayansi ya bahari anayepima kina cha maji ufukweni kila baada ya siku 14, saa ileile, anaingia mtego huohuo. Mzunguko wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) ni siku 14 na robo tatu hivi. Kila ziara inamkuta mapema kidogo katika mzunguko kuliko ziara iliyopita, na akichora grafu yake itaonyesha wimbi la taratibu linalochukua takriban miezi tisa. Atatafuta sababu: kaskazi, kusi, mabadiliko ya tabianchi. Mvuvi yeyote angemwambia kwamba bahari haina msimu wa miezi tisa. Wimbi hilo limezaliwa na kalenda yake mwenyewe.

Na wanamuziki?

Wao wakichukua kipande cha wimbo wa zamani na kukitia kwenye mdundo mpya, nacho wanakiita sampuli. Hawadai kwamba sekunde nne za tarumbeta zinauwakilisha wimbo mzima. Swali lao ni la hakimiliki, mtafute mwanasheria.

Kwa isimu, nikusanye maneno au watu?

Inategemea unasema juu ya nini. Kongoo ya Brown, yaani mkusanyiko wa maandishi ya kuchunguzia lugha, ya Kiingereza cha Marekani ilitengenezwa kwa vipande 500 vya maneno kama 2,000 kila kimoja, kutoka maandishi yaliyochapishwa mwaka 1961, kwa kugawa aina: habari, dini, riwaya na kadhalika. Hapo sampuli ni ya maandishi. Ukikusanya Kiswahili kutoka magazetini pekee, utapata "amesema" na "aidha" kwa wingi wa kutisha, na "eti" kwa shida. Anayetafiti lahaja kama Kimtang'ata au Kiamu inambidi awateue watu, kisha awateue nyakati: bibi anaposimulia, anapogombana na muuza samaki, anapozungumza na mtafiti mwenye kinasa sauti. Hizo ni lugha tatu kinywani mwa mtu mmoja.

Muda umeniishia, nimehoji walionijibu kwenye kundi la WhatsApp. Naandikaje?

Andika hivyohivyo. Sema kundi ni la nani, lina wanachama wangapi, uliwatumia wangapi, walijibu wangapi, na dodoso lilikaa wazi siku ngapi. Liite kwa jina lake, usampulishaji wa urahisi, na usipachike 384 wala kiwango cha uhakika cha asilimia 95 juu yake. Kisha rudi kwenye kichwa cha tasnifu. Kama kinasema "Mtazamo wa Walimu wa Tanzania", punguza hadi pale ulipofika. Msimamizi atanuna siku mbili tatu. Tukutane tena ukifika sura ya nne, ukiniletea faili la data, na tafadhali uwe umebakiza nakala moja ambayo hujaigusa.